Ufafanuzi wa Shilingi 68,300

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye chakula cha hisani cha mwaka, Dar es Salaam

  

Kamati ya Fedha tumepewa dakika kumi na tano. Tunajua kwamba zamu yetu ikifika watu huanza kuangalia simu, nasi hatuwalaumu. Leo tutazungumzia mstari mmoja tu wa hesabu. Mkifungua taarifa iliyo juu ya meza, ukurasa wa mapato, mstari wa saba, mtaona pameandikwa: "Rambirambi, Sh. 68,300." Tangu taarifa hiyo isambazwe tumepigiwa simu nyingi. Wengine wameuliza nani amefariki mbona hawakutangaziwa. Mwanachama mmoja, ambaye kazi yake ni ukaguzi wa hesabu, ametuandikia kwamba chama cha maendeleo hakiwezi kuingiza rambirambi kwenye mapato, na ametutaka tuufute mstari huo au tuueleze. Kuufuta hatuwezi. Kwa hiyo tunaueleza.

Mtakumbuka kwamba tuliazimia kununua kitanda cha kujifungulia kwa ajili ya zahanati ya nyumbani. Zahanati ile ni jasho letu sote. Mawe yalisombwa kwa msaragambo, mchanga ukabebwa vichwani kutoka mtoni, serikali ikaja kupaua na kuleta mganga. Lakini akina mama walikuwa wakijifungulia kwenye kitanda cha kawaida, kile kile wanacholazwa wagonjwa wa sindano, na usiku muuguzi alifanya kazi akiwa amepiga magoti, anamulika kwa tochi ya simu. Kitanda kinachofaa kiliuzwa shilingi 1,850,000. Kukipata kulituchukua miezi 14. Dukani kilikuwepo siku zote; miezi 14 ilikwenda katika kukusanya michango. Hilo tutalirudia.

Ijumaa ya pili ya Desemba mwaka jana msafara uliondoka Dar saa nne usiku: Hiace moja yenye wajumbe tisa, na Canter iliyobeba kitanda. Tunaomba mtuvumilie tuorodheshe mambo matano, ambayo kila moja lilikuwa na sababu yake nzuri.

Kwanza, sanduku. Ili kitanda kisigongwe njiani, tulimpa kazi fundi mmoja wa Keko akitengenezee sanduku la mbao. Alitengeneza sanduku zuri, refu, jembamba, akalipiga vanishi bila kuombwa. Juu ya mfuniko akachora msalaba, kuonyesha kwamba ndani kuna kifaa cha hospitali. Baadaye sana ndipo tulipokumbuka kwamba fundi huyo upande wa pili wa karakana hutengeneza majeneza, na bila shaka mkono wake ulishazoea vipimo vile.

Pili, shuka. Mama mmoja wa kamati aliona vumbi litaharibu vanishi, akalifunika sanduku kwa shuka jeupe.

Tatu, akina mama wawili walikataa katakata kukaa ndani ya Hiace. Walisema hawawezi kuacha 1,850,000 zisafiri peke yake na utingo. Wakapanda nyuma ya Canter, wakakaa huyu huku na huyu huku, kila mmoja mkono wake juu ya sanduku, na kanga wamejifunika kichwani kwa sababu ya baridi ya usiku.

Nne, fulana. Wajumbe wote tulivaa fulana za chama. Zilikuwa nyeusi. Rangi hiyo iliamuliwa na sisi Kamati ya Fedha, kwa kuwa fulana nyeusi ilikuwa na bei nafuu kwa shilingi 1,500 kuliko ya njano, na haionyeshi uchafu.

Tano, mvua ilipoanza kunyesha, madereva wote wawili waliwasha taa kubwa na taa za tahadhari, wakaendesha polepole wakifuatana.

Orodha hiyo tumeiandaa baadaye. Siku ile hakuna aliyeijumlisha, na wahasibu tulikuwemo wawili.

Baada ya kulala kidogo Korogwe gari zikapoe, tuliendelea mpaka Mkomazi, tukaacha lami ya barabara kuu na kukata kulia kuelekea Kihurio na Ndungu. Sasa ndipo tunapokumbuka kwamba njia nzima magari yalikuwa yakitupisha kwa heshima, na askari mmoja wa barabarani alitupungia mkono tupite bila kuuliza hata leseni. Tulidhani ni kwa sababu ya stika ya chama.

Tulipoyapita mashamba ya mpunga ya Ndungu, tukiwa bado tambarare na milima yetu tunaiona pale juu, Canter ilizama. Udongo ule mnaujua ukinyeshewa. Magurudumu ya nyuma yalikwenda chini mpaka ekseli. Ilikuwa kama saa nane mchana na mvua ilikuwa imekatika.

Akaja kijana wa bodaboda. Akasimama, akatazama Canter, akatazama akina mama wawili waliojikunyata juu, akavua kofia.

"Poleni sana."

"Tumeshapoa," tukamjibu.

"Imekuwaje?"

"Ghafla tu, kijana wetu. Tulikuwa tunakwenda vizuri, mara ikaishia hapa."

Akatikisa kichwa, akawasha pikipiki akaondoka. Tukaambiana kwamba kamfuata mwenzake wa kutuchimba pesa. Wote tunajua biashara ya matope: vijana husimama kando ya shimo, gari likizama wanataja bei kabla ya kugusa jembe. Mhasibu mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa ndiye anayewasomea maneno haya, alitoa bahasha iliyoandikwa "Dharura", akahesabu shilingi 30,000, akazigawa katika mifuko miwili ili apate pa kuanzia mapatano.

Baada ya robo saa wakaja watu kama thelathini, wakiwa na majembe, kamba na magogo. Waliongozwa na mzee mmoja mwenye fimbo. Hakuna aliyetaja bei. Hakuna aliyecheka. Wakachimba wakizungumza kwa sauti ya chini. Mhasibu akamwendea kijana wa bodaboda akamshikisha 15,000 za mfuko wa kwanza. Kijana akazirudisha kwa mikono miwili.

"Hapana, mzee. Kwa jambo kama hili hatupokei."

Tuliguswa sana. Mwenyekiti wetu alinong'ona kwamba habari za kitanda lazima zilikuwa zimetutangulia, na kwamba watu wa tambarare wana moyo wa maendeleo kuliko tunavyowadhania.

Ili Canter iwe nyepesi, vijana sita wakapanda, wakaliinua sanduku, wakalishusha mabegani. Walikataa kuliweka chini kwenye tope. Walisimama nalo, wakapokezana bega kwa bega, hadi kwenye kivuli cha mwembe ambako palikuwa pameshatandikwa mkeka. Mmoja akasema, "Mzito."

"Ni chuma kitupu ndani," Mwenyekiti akamwambia, kwa fahari.

Wakatazamana.

Hapo mzee mwenye fimbo akatusogelea, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu kosa lililofuata si la mtu. Ni la Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tulikuwa tunazungumzia mzigo. Yeye alikuwa anazungumzia mwili. Na maneno hayo mawili katika Kiswahili yanatembea na viambishi vile vile.

"Umetoka lini Dar?" akauliza.

"Umetoka jana saa nne usiku, mzee."

"Umetoka Muhimbili?"

"Hapana. Umetoka Keko."

Akanyamaza kidogo. Baadaye alituambia kwamba alifikiria gereza.

"Na joto hili, umefungwa vizuri?"

"Umefungwa na nailoni, mzee. Hata ukikaa mwezi mzima hauharibiki."

"Mtaushusha leo?"

"Leo tutachelewa. Utalala zahanati, kesho asubuhi ndio shughuli yenyewe. Na ngoma itakuwepo."

"Ngoma," mzee akasema taratibu. Akautazama msalaba kwenye mfuniko, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Ni wa mama?"

"Ndiyo, mzee. Ni wa akina mama. Akina mama wote wa kule juu."

"Mambo ya uzazi?"

"Ndiyo hayo. Mambo ya uzazi."

Mzee akaweka kiganja juu ya sanduku, akakaa hivyo muda. Kisha akasema, "Hata mimi, mke wa mwanangu."

Ndugu zangu, tulimpa mkono. Tukamwambia, "Hongera sana, mzee. Mungu akipenda mambo yatakuwa mazuri."

Alitutazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu.

Wakati Canter inavutwa, tuliletewa wali na maharage kwenye sinia, tukanawishwa mikono, tukala. Akina mama wa pale waliwakalia karibu mama zetu wawili, wakawashika mabega na kuwabembeleza wale hata kidogo. Mama zetu walikuwa na njaa kweli, wakala sana, na wenyeji wakasifu moyo wao wa uvumilivu. Kisha binti mmoja wa shule akapita na beseni na daftari. Kila mtu aliweka alichonacho, naye akaandika jina. Mwisho mzee akasimama, akatukabidhi beseni pamoja na debe la mchele, akasema, "Ni kidogo, ndugu zetu, lakini ndicho tulichonacho. Mungu awasindikize katika safari hii ya mwisho." Tukajua anasema kile kipande cha mwisho cha barabara, cha kupanda mlima.

Zilikuwa shilingi 68,300. Aliyetoa nyingi alitoa 5,000, aliyetoa kidogo alitoa 200. Watu 43.

Sisi tunajua taratibu. Pesa ya watu haipokelewi bila stakabadhi. Mhasibu akatoa kitabu, akaandika, akachana, akamkabidhi mzee kwa heshima zote. Mzee hakuwa na miwani. Akampa yule binti, binti akasoma kwa sauti ya darasani, kila mtu akisikia:

"Zimepokelewa kwa shukrani shilingi sitini na nane elfu na mia tatu, kwa ajili ya kitanda cha kujifungulia."

Pakawa kimya. Mzee akauliza, "Kujifungulia nani?"

Hatutawasimulia kila kilichofuata. Mwenyekiti alieleza. Alipofika kwenye neno "sanduku", bibi mmoja aliyekuwa akimfariji mama yetu alimwachia bega, akamtazama usoni, akasema, "Na ule wali wote uliokula?" Akaanza kucheka yeye, wakafuata wengine, vijana wakatupa majembe chini. Mama yetu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mzee naye alicheka huku akipiga fimbo chini. Kila akitulia alitamka "Keko", akaanza upya.

Vicheko vilipokwisha, mhasibu alifanya alichofundishwa chuoni. Akasema fedha hizi zimetolewa kwa kusudi ambalo halipo, kwa hiyo lazima zirudishwe kwa wenyewe, kila mtu na kiasi chake. Akaliomba daftari anakili majina. Akalifungua vibaya, kwa mbele. Akakuta orodha nyingine, ya mwaka mmoja na nusu nyuma, majina mengi yale yale, mia mbili, mia tano, elfu moja. Juu yake palikuwa na jina la mwanamke, na chini yake pameandikwa: "na mtoto".

Mzee aliona daftari lilipofunguliwa. Akatuambia mwenyewe, bila kuulizwa. Mke wa mwanawe alijifungulia nyumbani usiku, damu ikakataa kukata. Wakampakia kwenye pikipiki kati ya watu wawili, baadaye wakapata gari la mpunga. Hakufika hospitali. Mtoto alimfuata kesho yake. Sasa tuliielewa ile "hata mimi", na tulielewa tulimpa hongera ya nini.

Hakuna aliyejua la kusema. Mhasibu akabaki ameshika beseni la watu.

Mzee akaomba afunguliwe sanduku aone. Tukang'oa mbao mbili. Akachungulia, akapapasa chuma, akauliza vile vishikio vya pembeni ni vya nini, mama yetu akamweleza. Akauliza kama mtu wa tambarare anaweza kupanda kukitumia, tukamwambia zahanati haiulizi mtu ametoka wapi. Kisha akamgeukia mhasibu. "Rambirambi hairudishwi," akasema. "Ikishatoka mkononi imetoka. Andika ni rambirambi ya msiba ambao hatutaki uje."

Mhasibu aliandika hivyo hivyo. Ndugu mkaguzi, huo ndio mstari wa saba. Nakala ya stakabadhi ipo, ile ya kwanza imefutwa kwa mistari miwili na kusainiwa kama utaratibu unavyotaka.

Sasa tuirudie ile miezi 14. Mwaka jana katika kundi letu la simu tulitangaziwa misiba tisa. Kila msiba ulichangiwa ukatimia kabla ya siku tatu kwisha, na hakuna aliyeomba kuona katiba. Hilo ni jambo jema, na lisife. Watani wetu wanatusema Wapare kwa ubahili. Waje waone tunavyozikana. Lakini kitanda kimoja, cha kuwazuia watu wasiingie kwenye orodha ya misiba, kilitaka barua nne, vikao sita na kukumbushana mwaka mzima na zaidi. Sisi Kamati tusijitoe: wawili kati yetu tulimalizia ahadi zetu mwezi wa kumi na tatu.

Wale watu wa tambarare hawakuuliza marehemu ni nani wala ni wa wapi. Walishika jembe kwanza. Swali lilikuja baadaye, tena kwa upole. Hatusemi kwamba kuuliza ni vibaya. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru, na mwishowe kodi ile ikafutwa. Hawakukataa kulipa, walikataa kukadiriwa mali zao na mtu mwingine kwa hesabu wasiyoielewa. Sisi ni wajukuu wao, na ndiyo maana hesabu zipo mezani, mstari kwa mstari. Ulizeni zote usiku huu. Ila tukishajibiwa, tusiondoke na mikono mifukoni.

Kitanda kinafanya kazi. Tangu Januari akina mama 37 wamejifungulia pale, na wawili kati yao walitoka tambarare. Lakini kimewekwa kwenye chumba cha sindano, kwa kuwa wodi ya wazazi bado ni boma lililofika kwenye lenta. Mama akishikwa na uchungu, wagonjwa wa sindano wanatolewa nje. Muuguzi ametueleza kwamba damu ikianza kutoka baada ya kujifungua, saa mbili zinaweza kuwa nyingi mno. Anahitaji mwanga, maji na mahali pa kumlaza mama bila kumhamisha.

Mahitaji ni haya. Bati 96 kwa shilingi 32,000 kila moja, jumla 3,072,000. Mbao za kenchi na misumari, 1,640,000. Tanki la lita 5,000 na mabomba yake, 1,450,000. Umeme wa jua, 2,900,000. Sakafu, milango, madirisha na rangi, 3,778,000. Jumla kuu ni shilingi 12,840,000. Wanachama tulioandikishwa ni 214. Kila mmoja akitoa 60,000, sawa na 5,000 kwa mwezi, kazi imekwisha. Kijiji kimoja kilitoa zaidi ya hizo mchana mmoja, kwa mtu ambaye hakuwepo.

Kwenye kila meza kuna daftari. Tumeacha makusudi zile kadi za ahadi za miaka yote. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jina na kiasi, kama tunavyofanya msibani. Litapita sasa hivi, na mbele yake itapita beseni.

Mzee wa tambarare tumemwalika siku ya ufunguzi wa wodi. Amekubali, ila ametuma sharti moja kwa kijana wa bodaboda: tusije tumevaa zile fulana. Fulana za mwaka huu ni za njano. Zimeongezeka bei kwa shilingi 1,500 kila moja, na Kamati ya Fedha imepitisha bila pingamizi.